Kulirejesha Kanisa la Mitume: Ni Nini Hasa Kilichopotea?

Kati ya mwaka 1830 na mwaka 1835 makundi manne ya Wakristo, mawili nchini Marekani na mawili Uingereza, yalijitokeza na dai ambalo kwa juu juu lilikuwa moja. Tarehe 6 Aprili 1830, huko Fayette katika jimbo la New York, Joseph Smith na wenzake walianzisha kanisa waliloliita Kanisa la Kristo, ambalo leo hujulikana kama Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Mwaka 1831 waumini waliochoshwa na mipaka ya madhehebu walianza kukusanyika Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, wakimega mkate bila kasisi wa kuwaongoza. Januari 1832, mjini Lexington, Kentucky, wafuasi wa mhubiri Barton Stone na wale wa mhubiri Alexander Campbell walipeana mkono wa umoja na kukubaliana kutokuwa na jina wala kanuni zaidi ya zile za Agano Jipya. Julai 1835, jijini London, wanaume 12 walitengwa kwa ajili ya utume, kwa imani kwamba Mungu ameurudisha utume uliokuwa umekoma tangu karne ya kwanza. Wote walikuwa wakiutazama mwanzo ule ule wa kanisa. Hata hivyo, baada ya miaka michache ibada ya London ilikuwa na mavazi rasmi, ubani na liturujia ndefu, wakati ile ya Plymouth haikuwa na zaidi ya meza, mkate, kikombe na Biblia.

Ni rahisi kuziweka harakati hizi zote katika kapu moja na kuziita harakati za urejesho, kisha kushangaa kwa nini haziivi. Wito wa "turudi mwanzo" haujaeleza lolote mpaka anayeutoa aulizwe maswali mawili: kanisa lilipoteza nini, na kilichopotea kinaweza kurudishwa na nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoyatenganisha makundi haya. Migogoro iliyoyakumba baadaye haikuletwa na ukaidi wa viongozi peke yake, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa imekwisha kupandwa ndani ya majibu yenyewe.

Kwanza ni lazima urejesho utofautishwe na matengenezo. Martin Luther na John Calvin waliamini kwamba kanisa limechafuka, lakini hawakuamini kwamba lilikuwa limetoweka. Waliendelea kubatiza watoto wachanga, kukiri kanuni za imani za mabaraza ya kale, na kuuhesabu kuwa halali ubatizo waliokuwa wameupokea katika Kanisa Katoliki. Mrejeshaji huenda mbali zaidi, kwa sababu anaamini kwamba kati ya mitume na yeye pana pengo. Andiko linalotajwa mara nyingi ni lile la Paulo kwa Wathesalonike kuhusu "ukengeufu" utakaotangulia siku ya Bwana. Wengi huona kwamba pengo lilianza na mfalme Konstantino, aliyewapa Wakristo uhuru wa kuabudu mwaka 313, akatoa sheria ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321, na kuitisha Baraza la Nikea mwaka 325. Washika Sabato huikazia macho zaidi ile sheria ya mwaka 321. Watakatifu wa Siku za Mwisho hurudi nyuma zaidi na kusema kwamba mamlaka yaliondoka duniani mitume walipokufa.

Wanaomlaumu Konstantino hukabiliwa na swali gumu. Orodha ya kwanza tuliyo nayo inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo leo bila kuongeza wala kupunguza, imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Barua hiyo iliandikwa baada ya Konstantino, tena na askofu wa kanisa lile lile linalodaiwa kuwa lilikuwa limekengeuka. Warejeshaji hujibu kwamba vitabu hivyo vilikuwa vikisomwa makanisani tangu zamani, na kwamba Athanasio aliorodhesha tu kile ambacho waumini walikuwa nacho. Jibu hilo lina uzito, lakini ndani yake mna kukiri kwamba pengo halikuwa tupu kama linavyosimuliwa.

Jibu la kale zaidi kati ya yale yatakayotajwa hapa ni kwamba kanisa lilipoteza uhuru wake, yaani lilikoma kuwa kusanyiko la watu walioamini kwa hiari yao na kuishi tofauti na dunia, likawa sawa na dola lenye raia waliobatizwa kabla hawajajua kusema. Usiku wa tarehe 21 Januari 1525, mjini Zürich, watu wachache walikutana nyumbani kwa mama yake Felix Manz, na hapo Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, ambaye naye aliwabatiza wengine. Walimwagiwa maji kichwani. Jambo hilo huwashangaza wengi wanaodhani kwamba Waanabaptisti, kama watu hawa walivyoitwa, waligombania wingi wa maji, kumbe waligombania nani abatizwe na kwa hiari ya nani. Baraza la mji liliwajibu kwa maji hayo hayo: tarehe 5 Januari 1527 Manz alifungwa kamba na kuzamishwa katika mto Limmat mpaka akafa. Baadhi ya warithi wao, Wahutteri, walichukua maneno ya Matendo ya Mitume kuhusu waumini waliokuwa na vitu vyote shirika, wakayafanya kuwa sheria ya maisha. Jumuiya zao zipo mpaka leo Marekani na Kanada, zikimiliki mali kwa pamoja.

Kuna tukio jingine la aina hii ambalo linaonyesha jinsi tatizo la kuanza upya linavyobana. Mwaka 1708 watu wanane, wakiongozwa na Alexander Mack, walikusanyika kwenye mto Eder, karibu na kijiji cha Schwarzenau nchini Ujerumani, ili wabatizwe kama walivyoamini kuwa wanafunzi wa kwanza walibatizwa. Ikiwa ubatizo wa makanisa yote yaliyopo si ubatizo, basi hakuna hata mmoja kati ya wanane hao aliyebatizwa, na aliye nje hawezi kumwingiza mwingine. Walipiga kura kumchagua mmoja atakayembatiza Mack, kisha Mack awabatize waliobaki, na wakaahidiana kutolitaja jina la yule aliyeanza, ili kundi lisije likaitwa kwa jina la mtu. Siri hiyo waliitunza, na hadi leo jina hilo halijulikani.

Wengine waliona kwamba kura haitoshi. Kwao kilichopotea ni mamlaka yenyewe, na mamlaka hayachipuki kwa watu kukubaliana. Roger Williams, mwanzilishi wa koloni la Rhode Island, alisaidia kuunda kanisa la Kibatisti huko Providence karibu na mwaka 1639, akabatizwa, na baada ya miezi michache akajitoa. Alikuwa amefikia uamuzi kwamba hakuna mtu duniani mwenye haki ya kuanzisha tena ibada za kanisa mpaka Mungu atume mitume wapya. Alibaki akingoja hadi mwisho wa maisha yake. Joseph Smith alikubaliana na hoja ya msingi, kwamba bila kutumwa upya hakuna kanisa, lakini yeye alitangaza kwamba kule kutumwa kumetokea. Alisema kwamba Yohana Mbatizaji alimtokea yeye na mwenzake Oliver Cowdery tarehe 15 Mei 1829 na kuwapa ukuhani wa Haruni, na kwamba Petro, Yakobo na Yohana waliwaletea ukuhani wa Melkizedeki. Februari 1835 akidi, yaani baraza, ya mitume 12 iliundwa huko Kirtland, Ohio.

Miezi mitano baadaye London nayo ikawa na 12 wake, walioitwa kwa njia ya unabii katika vuguvugu lililomzunguka mhubiri Edward Irving, ambaye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kundi hilo, lililojulikana baadaye kama Kanisa Katoliki la Kitume, halikudharau makanisa mengine. Liliamini kwamba mitume wametolewa kwa ajili ya Wakristo wote kabla Kristo hajarudi, nalo lilichota ibada zake kutoka mapokeo ya Mashariki na Magharibi. Lakini Kristo hakurudi kwa wakati waliotarajia, na mitume wakaanza kufa. Mwaka 1855 walikufa watatu. Je, wajazwe wengine? Viongozi wa London walikataa, wakisema kwamba 12 ni 12. Tawi la Hamburg lilikubali mitume wapya na likatengwa mwaka 1863, na kutoka hapo ndipo lilipotokea Kanisa Jipya la Kitume, ambalo lina waumini katika nchi nyingi, zikiwamo za Afrika. Huko London, mtume wa mwisho, Francis Woodhouse, alifariki mwaka 1901, na kwa kuwa mtume peke yake ndiye aliyeweza kuwekea watu mikono, hakuna kasisi mpya aliyepatikana tena. Kasisi wa mwisho alifariki mwaka 1971. Naona kwamba hakuna harakati nyingine iliyoifuata mantiki yake kwa uaminifu wa namna hii.

Jibu la tatu ndilo lililozaa maandishi mengi kuliko yote, nalo linasema kwamba kilichopotea ni mfano. Katika Agano Jipya imo ramani kamili ya kanisa, yaani jina lake, uongozi wake, ibada yake na namna ya kuingia. Ramani haikuharibika kwa kuwa imeandikwa, na kwa hiyo hakuna haja ya malaika wala mtume mpya. Inatosha watu kusoma, kuacha ya kwao, na kutenda. John Glas, aliyevuliwa uchungaji na Kanisa la Scotland mwaka 1730, alijenga makusanyiko ya namna hiyo, ambayo mkwewe Robert Sandeman aliyaeneza. Walishiriki meza ya Bwana kila wiki, walikula karamu ya upendo pamoja, walisalimiana kwa busu takatifu, walitawadhana miguu, na walijiepusha na kula damu kama ilivyoagizwa katika Matendo 15. Maamuzi ya kusanyiko yalitakiwa kukubaliwa na wote. Michael Faraday, mwanasayansi wa umeme, alikuwa mzee katika kusanyiko lao la London, na kila Jumapili aliketi na watu wa kawaida waliokuwa wakijadili Maandiko mstari kwa mstari.

Mkondo huo ulipovuka bahari ulikutana na Thomas Campbell, mchungaji wa Kipresbiteri aliyehamia Pennsylvania mwaka 1807 akitoka Ireland, akaingia matatani kwa kuwakaribisha mezani watu wa makundi mengine ya Kipresbiteri. Mwaka 1809 aliandika tamko refu la kuwaita Wakristo wote waache kanuni za kibinadamu. Kauli yake iliyodumu ni hii: pale Maandiko yanaponena tunanena, na pale yanaponyamaza tunanyamaza. Inasimuliwa kwamba alipoitamka kwa mara ya kwanza, mmoja wa waliohudhuria alisimama na kusema kwamba tukiifuata kauli hiyo, ubatizo wa watoto wachanga umekwisha. Campbell hakutaka kufika huko kwa haraka. Mwanawe Alexander, alipopata mtoto wa kwanza mwaka 1812, alilazimika kuamua, akachimbua Maandiko, na mwezi Juni akazamishwa katika kijito cha Buffalo na mhubiri wa Kibatisti, pamoja na baba yake na wengine watano.

Shabaha ya Campbell ilikuwa umoja. Aliamini kwamba Wakristo wamegawanywa na kanuni walizojitungia, na kwamba wakirudi kwenye andiko lenyewe watajikuta pamoja. Shida ni kwamba andiko lenyewe halisemi ni lipi kati ya mambo linayoyasimulia ambalo ni kielelezo, na ni lipi ambalo ni habari tu. Tuchukue Matendo 20. Wanafunzi wa Troa wanakutana siku ya kwanza ya juma kumega mkate. Wanakutana usiku, katika chumba cha juu, kwenye taa nyingi, na kijana Eutiko anasinzia na kuanguka kutoka orofa ya tatu. Kutoka hapo wafuasi wa Campbell walipata wajibu wa kushiriki meza ya Bwana kila Jumapili. Chumba cha juu hawakukiona kuwa wajibu, wala usiku, wala taa. Wahutteri waliona kielelezo katika mali ya shirika, ambapo wafuasi wa Campbell waliona tukio la Yerusalemu peke yake. Ndugu wa Schwarzenau waliichukua amri ya kutawadhana miguu kama ilivyo, na wengine wakaiona kuwa funzo la unyenyekevu. Mashahidi wa Yehova, ambao nao husema kwamba wamerudia Ukristo wa karne ya kwanza, huadhimisha Ukumbusho mara moja kwa mwaka, tarehe inayolingana na 14 Nisani ya kalenda ya Kiyahudi, kwa sababu wanaitazama siku ya Pasaka badala ya siku ya Troa.

Ugumu wa pili ni ukimya, ambao tayari ulikuwa umewagawa Wanamatengenezo. Luther aliruhusu kile ambacho Maandiko hayakikatazi, wakati Zwingli, kule Zürich, aliondoa kile ambacho hayakiagizi. Katika makanisa ya Campbell jambo hili lililipuka kwa sababu ya kinanda. Karibu na mwaka 1859, huko Midway, Kentucky, mchungaji L. L. Pinkerton aliruhusu kinanda kidogo kitumike kuongoza nyimbo, kwa maelezo kwamba uimbaji ulikuwa mbaya kiasi cha kuwafukuza hata panya. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja wa kanisa, aliyeona hilo kuwa dharau kwa Mungu, alimtuma mtumwa wake, Reuben, akitoe dirishani usiku. Baadaye kililetwa kingine. Wapinzani wa kinanda walisema kwamba Paulo aliagiza kuimba, na hakuagiza kupiga ala. Watetezi wakajibu kwamba Paulo hakutaja vitabu vya nyimbo wala majengo ya kanisa pia. Kila upande ulikuwa ukitumia kauli ya Thomas Campbell, mmoja akiusikia ukimya kama katazo na mwingine akiusikia kama ruhusa. Kwamba wazee walioumizwa na kinanda hawakuumizwa na utumwa wa Reuben ni jambo ambalo kila msomaji ana haki ya kulitafakari.

Mgawanyiko ulikomaa polepole. Ulichochewa pia na ubishi juu ya jumuiya za umisionari, ambazo Agano Jipya halizitaji, pamoja na majeraha ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoacha makanisa ya Kusini katika umaskini na uchungu. Sensa ya dini ya Marekani ya mwaka 1906 iliyaorodhesha makundi mawili mbalimbali kwa mara ya kwanza: Makanisa ya Kristo, yasiyotumia ala, yenye waumini wapatao 160,000, na Wanafunzi wa Kristo, zaidi ya 980,000. Theluthi mbili hivi ya lile kundi la kwanza walikuwa katika majimbo yaliyokuwa yamejitenga wakati wa vita. Baadaye Makanisa ya Kristo yaligawanyika tena juu ya kikombe kimoja au vikombe vingi na juu ya shule ya Jumapili, na Wanafunzi wa Kristo nao wakagawanyika katika karne ya 20.

Wapentekoste walipotokea walileta jibu jingine kabisa, kwamba kilichopotea ni nguvu. Katika mkutano wa uamsho wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, ulioanza mwaka 1906 chini ya William Seymour, mhubiri mweusi na mwana wa watu waliowahi kuwa watumwa, gazeti lao liliitwa kwa jina la imani ya kitume. Kwao Pentekoste ya Yerusalemu ilikuwa mvua ya kwanza, na hii waliyoiona kwa macho ilikuwa mvua ya mwisho. Mfano wa ibada haukuwa na uzito mkubwa machoni pao ukilinganishwa na kunena kwa lugha na uponyaji. Hata hivyo suala la mfano liliwafuata. Mwaka 1913 mhubiri mmoja, katika mkutano karibu na Los Angeles, alionyesha kwamba katika Matendo watu walibatizwa kwa jina la Yesu, na ndani ya miaka mitatu Assemblies of God, dhehebu la Kipentekoste, ikapoteza wahubiri zaidi ya 150 waliokataa fundisho la Utatu.

Mwanzo wenyewe haukuwa na sura moja. Nyaraka za Paulo zimejaa ugomvi wa Korintho na Galatia. Katika waraka kwa Tito, mzee na askofu wanaonekana kuwa mtu mmoja, lakini Ignatio wa Antiokia, mapema katika karne ya pili, anaandika kama kwamba kila mji una askofu mmoja aliye juu ya wazee. Didakhe, andiko la kale sana la mafundisho ya Kikristo, linapendelea maji yanayotiririka kwa ubatizo, kisha linaruhusu kummwagia mtu maji kichwani mara tatu yanapokosekana. John Nelson Darby, aliyekuwa na sauti kubwa kati ya ndugu wa Plymouth, alikataa kabisa mradi wa kujenga upya. Kwa maoni yake kanisa limekuwa magofu na Mungu hakuagiza lijengwe tena, ila waaminifu wakutane kwa unyenyekevu katikati ya magofu hayo.

Linabaki suala la wale walioishi katikati ya pengo. Kama kanisa lilitoweka, ni nini hatima ya mamilioni walioamini katika karne zote hizo? Wabatisti wa mkondo wa Landmark, waliotokea Tennessee mwaka 1851, walikana pengo lenyewe na kudai kwamba makanisa ya kweli yaliendelea kuwapo kila karne, yakiteswa na kuitwa kwa majina tofauti, ingawa wanahistoria wameona ugumu wa kuunganisha mnyororo huo. Watakatifu wa Siku za Mwisho walianza mwaka 1840 kubatizwa kwa niaba ya wafu. Alexander Campbell alibanwa na swali hilo mwaka 1837, wakati mwanamke wa Lunenburg, Virginia, alipomwandikia akishangaa kusoma kwamba wamo Wakristo katika madhehebu ya Kiprotestanti. Campbell alijibu kwamba Mkristo ni yeyote anayeamini moyoni kwamba Yesu wa Nazareti ni Masihi, anayetubu, na anayemtii katika yote kwa kadiri ya ujuzi wake, na kwamba yeye hawezi kuufanya ubatizo wa kuzamishwa kuwa alama pekee ya Mkristo. Wasomaji wake wengi walikasirika, na ikambidi aandike mara kadhaa mwaka ule kujieleza. Tangu wakati huo, wenye msimamo mkali kati ya warithi wake humnukuu Campbell wa miaka ya 1820, aliyeyapiga madhehebu bila huruma, na wenye mlango mpana humnukuu huyu wa mwaka 1837.